Enkaunta za dadu njiani: zinaua maamuzi ya wachezaji au zinayapa uzito?

Fundi_Ramani (Dar es Salaam)

Habari za jioni wakuu. Kuna mjadala kuhusu enkaunta (kundi likiwa safarini, dadu inaamua kama watakutana na kiumbe, watu au tukio) umezuka kwenye meza yangu tangu Jumapili na haujaisha mpaka leo, kwenye grupu la WhatsApp watu wanatumiana voisi za dakika nne nne, kwa hiyo nimeona niulete hapa kwa wale wanaoendesha gemu, wa D&D (Dungeons & Dragons, gemu ya mezani ambapo mmoja, DM, anaendesha dunia na wengine wanaigiza wahusika) za kizamani na za sasa wote karibuni.

Sisi tunacheza toleo la 5, zile sheria za bure zilizoachiwa Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, na kitabu cha DM tunaazima kwa mshkaji. Kampeni imefika mahali kundi linatoka mji wa bandari kwenda kwenye magofu huko bara, mwendo wa siku sita hivi. Nikawapa njia mbili. Ya mtoni ina kona nyingi na vichaka, lakini maji yapo na kivuli kipo. Ya mbugani iko wazi, mwendo mwepesi, ila walishasikia sokoni kwamba kuna genge linavizia misafara huko. Basi wakabishana, mabishano matamu mpaka mimi nimekaa kimya nasikiliza tu, huyu anapiga hesabu ya viriba vya maji, yule anasema tukichelewa wapinzani wetu watafika magofuni kabla yetu, mwisho wakakubaliana wapite mtoni wakwepe lile genge.

Siku ya pili ya safari nikarusha d20 (dadu ya pande 20) mbele yao kama kawaida, ikaja 19. Kwa kitabu cha DM cha 2014 ukipata 18 kwenda juu kuna enkaunta. Nikarusha kwenye jedwali la nyika (orodha ya vinavyoweza kutokea, kila kimoja na namba yake), wakatoka wanyang'anyi. Pambano likaanza, mganga wao akafa.

Mchezaji wa huyo mganga hakukasirika kwa kufa, na hilo ndo limenifanya nimsikilize kwa makini. Alichosema ni hiki: kama wanyang'anyi wapo pande zote, ile nusu saa tuliyobishana ilikuwa ya nini? Sisi tumechagua, dadu imefuta. Mwenzake akamjibu kwamba bila dadu dunia yote inakuwa hadithi ya DM, kila kinachotokea kimeshapangwa, na hapo ndo uamuzi hauna maana kabisa. Mimi nawaona wote wana hoja. Nitoe enkaunta za kubahatisha kwenye kampeni, au kuna namna ya kuziendesha na uamuzi wa wachezaji ukabaki na nguvu yake?

---

DaduMbili254 (Nairobi)

Swali poa sana hili. Mimi naona shida haiko kwa dadu, iko kwa jedwali. Njia mbili, jedwali moja. Kwa upande wa hatari hiyo ni njia moja yenye majina mawili, na huyo mchezaji wako ameliona haraka kuliko wengi. Weka majedwali mawili. La mbugani wanyang'anyi wachukue nafasi kubwa, la mtoni wakae pale mwisho kabisa ama wasiwepo. Hapo wakichagua mtoni wamenunua kitu, wamenunua uwezekano tofauti, na hata dadu ikileta mbaya wanajua walikuwa wanacheza na nini.

Kwa hicho kitabu cha 2014 kuna mfano wa jedwali ambao watu wengi wanaupita tu bila kuuangalia, ule wa kurusha d12 na d8 ukajumlisha, unapata 2 hadi 20. Zile namba za katikati, 9 mpaka 13, kila moja ina nafasi 8 kati ya 96. Ile 2 na ile 20 kila moja ina nafasi 1 tu kati ya 96. Kwa hivyo vitu vya kila siku vya hilo eneo unaviweka katikati na joka unaliweka pale pembeni kabisa, na wachezaji wakipita hapo safari mbili tatu wanaanza kuijua hiyo sehemu wenyewe, wanajua huku ni viboko na wavuvi, kule ni watu wa mishale. Hiyo ndio inawapa nguvu ya kupanga.

Kitu kingine, waambie mapema. Si lazima namba, lakini mvuvi awaambie "huku mtoni watu si shida, shida ni usiku". Mtu akichagua bila habari anabahatisha tu, hata kama DM hajagusa dadu.

---

Mzee_Kobe (Uingereza)

Naunga mkono la majedwali mawili, ila naomba niende nyuma kidogo maana hili swali lina historia, na ukiifuata utaona kuna vitu viliangushwa njiani.

D&D ya kwanza kabisa ya Gary Gygax na Dave Arneson, ya 1974, ilikuwa na sheria kwamba mle chini kwenye mahandaki, kila mwisho wa zamu mwamuzi anarusha d6, ikija 6 kuna kiumbe anayezurura amewafikia. Zamu ni dakika 10 za ndani ya gemu. Toleo la Basic la 1981, lile la Tom Moldvay, likalegeza: kila zamu mbili, ikija 1. Piga hesabu. Saa moja ni zamu 6, kwa hiyo unarusha mara 3, uwezekano wa kukutana na kitu angalau mara moja ni kama asilimia 42. Mwenge mmoja unawaka zamu 6 hizo hizo. Kupekua eneo la futi 10 kwa 10 kutafuta mlango wa siri ni zamu nzima imekwenda.

Sasa angalia wachezaji wanaojua hivyo wanavyocheza. Wanaingia chumbani, hakuna kitu, ramani yao inaonyesha kuna nafasi nyuma ya ukuta wa kaskazini. Tupekue au tusonge? Mmoja anasema mwenge umebaki nusu. Mwingine anasema tukikaa zamu mbili Kobe anarusha dadu. Hapo hakuna mtu wa kuwaambia jibu sahihi, wanapima wenyewe, na wanapima kwa sababu kukaa kuna bei inayojulikana. Toa ile dadu uone: watapekua kila ukuta wa kila chumba, kwa nini wasipekue? Uamuzi wa kupekua au kusonga umekufa kwa sababu hauna gharama. Kwa hiyo mimi nasema dadu ya viumbe wazururaji ilitengenezwa ili wachezaji wawe na cha kuamua.

La pili, na hili ndo kubwa kwa kesi yako mkuu. Kukutana hakukuwa na maana ya kupigana. Dadu ikishasema kuna kitu, zilifuata dadu nyingine. Umbali: 2d6 (dadu mbili za pande sita, unajumlisha) mara futi 10, kwa hiyo mara nyingi mnaonana mkiwa mbali kidogo, unaona taa yao kabla hujaona sura. Kushtukizwa: kila upande d6, 1 au 2 mmeshtukizwa. Halafu ile ninayoipenda kuliko zote, 2d6 ya mapokeo, yaani kiumbe anawapokeaje. Ikija 2 anashambulia papo hapo. 3 hadi 5 ana uhasama, anaweza kushambulia. 6 hadi 8 hajaamua. 9 hadi 11 hashambulii, anaondoka au anasikiliza mnachotoa. 12 anawapenda kweli kweli. Ukihesabu michanganyiko 36 ya dadu mbili, kushambulia papo hapo ni mmoja tu. Kuanzia 6 kwenda juu ni 26. Yaani kwa kawaida kiumbe anasimama, anawatazama, na sasa ni zamu yenu wachezaji: mnasema nini, mnatoa nini, mnarudi nyuma au mnasonga mbele?

Na kwa nini wachezaji wasipende kupigana tu? Kwa sababu ya pointi za kupanda levo. Dhahabu 1 mnayorudi nayo salama ni pointi 1. Goblini mmoja ni pointi 5. Mpiganaji anahitaji pointi 2,000 kufika levo ya 2. Kwa kuua goblini peke yao hiyo ni goblini 400, na hapo hamjagawana. Kiumbe mzururaji kwa kawaida habebi hazina ya maana, kwa hiyo kila pambano naye ni hasara tupu, damu imemwagika na mkoba ni ule ule. Mwenye akili anakimbia, anajificha, anahonga. Sheria zenyewe zilikuwa na namna ya kutoroka: ukitupa chakula kwa mnyama mwenye njaa au asiye na akili nyingi, d6, 1 hadi 3 anasimama kula. Ukitupa dhahabu kwa wanaopenda dhahabu, hivyo hivyo.

Baadaye pointi za dhahabu ziliwekwa pembeni. Toleo la pili la 1989 lilizifanya hiari, na kuanzia toleo la tatu la 2000 malipo yakaegemea kwenye kuwashinda viumbe. Dadu ya enkaunta ikabaki, lakini kwenye meza nyingi siku hizi ikishatua sentensi inayofuata ni "rusheni inishetivu", dadu ya kupanga nani aanze kupigana. Mchezaji wako uamuzi wake ulifutwa hapo. Kati ya kuona 19 na kurusha inishetivu palitakiwa pawe na maswali manne matano ambayo kundi lingeyajibu lenyewe.

---

Mtunzi_Pori (Arusha)

Wakuu mimi natofautiana. Nimeacha majedwali kabisa na sioni nikirudi.

Muda wenyewe uko wapi? Watu wazima wana kazi, wana watoto, tukikutana tunapata saa tatu, na pambano moja la toleo la 5 la watu watano linaweza kula saa nzima. Niteketeze saa hiyo kwa fisi ambao hawahusiani na chochote? Kila ninachokiweka njiani nakichagua mwenyewe kwa sababu kinamgusa mtu pale mezani, huyu anamtafuta kaka yake, yule ana deni na mfanyabiashara, basi njiani wanakutana na mtu wa huyo mfanyabiashara. Hapo ndo watu wanakaa mbele ya viti vyao.

Na niseme lile ambalo wengi tunalifanya hatulisemi. Nikiwa nimeandaa zimwi zuri, lina jina, lina kisa, lina namna yake ya kuongea, wao wakipita kushoto litakuwepo kushoto, wakipita kulia litakuwepo kulia. Hawajui. Kwao wao waliamua njia, wakakutana na zimwi, wakawa na usiku mzuri. Kinachohitajika ni wahisi wameamua, na hiyo hisia wanaipata kamili. Kazi yangu ya wiki nzima haiendi na maji.

---

Bint_Mvita (Mombasa)

Kaka Mtunzi, hilo zimwi linalohama ndilo jambo lile lile analolilalamikia mchezaji wa Fundi_Ramani. Tofauti ni kuwa yeye ameliona na wako bado.

Na wataliona, wallahi. Watu wanaokaa nawe meza moja miezi na miezi wanakusoma. Hebu fikiria siku mchezaji wako mchawi atakapomtuma bundi wake akachungulie njia zote mbili kabla hawajaamua. Au mganga apige ramli, uchawi huo upo ndani ya sheria na wameulipia, aulize je, tukipita kushoto ni heri au ni shari? Utamjibu nini? Ukisema kushoto shari, wataenda kulia, na zimwi lako liko kulia. Umewadanganya. Ukiamua kusema kweli basi zimwi lishapata mahali pake na haliwezi kuhama tena. Kwa hiyo zimwi lako linaishi tu pale ambapo wachezaji hawaulizi. Ukiliendesha hivyo muda mrefu unawafundisha, bila kukusudia, kwamba kuuliza na kupeleleza hakuleti faida, na meza ikishazoea hivyo kuirudisha ni kazi.

La saa nakubaliana nawe kabisa, pambano la saa nzima na fisi wasio na habari ni uchovu. Lakini pale alipotukumbusha Mzee Kobe ndipo penye jibu, enkaunta si lazima iwe pambano. Nitawapa mfano wa mto, maana mimi jedwali langu la mto nimelijenga juu ya viboko na limenipa vikao vizuri kuliko majoka.

Kiboko mchana yuko majini. Jua likizama anatoka kwenda malishoni na anapita njia zake zile zile, na hatari kubwa ni kumkuta nchi kavu nawe umesimama baina yake na maji. Basi mimi mchana, wakiwa kwenye mtumbwi, kiboko ana nafasi kubwa kwenye jedwali, wakitembea ukingoni nafasi yake ni ndogo mno. Usiku nageuza. Kabla sijagusa dadu nawaelezea wanachokiona wanapotafuta pa kulala: njia pana imekanyagwa imeshuka hadi majini, nyasi za pembeni ni fupi kama zimefyekwa, vichaka vimetapakaa kinyesi. Sisemi neno kiboko. Wakipiga kambi pale pale kwa kuwa maji yako karibu na wamechoka, narusha d6, 1 hadi 3 anakuja. Wakipanda juu mbali na ile njia, 1 tu, lakini maji watayafuata gizani au walale na kiu. Wameona, wamejua, wameamua. Dadu ikija 1 hakuna anayelalamika, kila mmoja anakumbuka alilolisema.

Na hapo ndipo wakanichezea mchezo ambao nisingeuandika mwenyewe hata ningekaa mwezi. Walikuwa wanafuatwa na watu wa sultani mmoja kwenye kampeni yetu. Wakaizima kambi yao juu kule, wakawasha moto mwingine bila mtu, chini kabisa, katikati ya njia ya viboko, wakavuta blanketi juu ya magogo, wakaenda kulala kwingine. Usiku nikarusha dadu mbele yao, sote tunaitazama. Ilikuja 2. Mtu mmoja alisimama juu ya kiti. Hiyo yote imetoka kwenye mstari mmoja wa jedwali, na mimi sikuipanga.

---

Fundi_Ramani

Nimesoma yote mara mbili, asanteni sana, na nimemtumia yule mchezaji wangu hili la Mzee Kobe akasema "huyo mzee amenisemea".

Naomba mnisaidie mawili. Kwanza, wanyang'anyi kazi yao ni kunyang'anya, ile 2d6 ya mapokeo inafanyaje kazi kwa watu ambao tayari ni wabaya? Pili, toleo la 5 wakilala usiku mmoja kila kitu kinarudi, uhai umejaa, uchawi umejaa. Kwa hiyo enkaunta moja kwa siku safarini wanaipiga na kila walicho nacho halafu wanalala. Bei ya Mzee Kobe nitaitoa wapi?

---

Mzee_Kobe

La wanyang'anyi ni rahisi kuliko linavyoonekana. Mnyang'anyi anataka mali, hataki kufa. Ile 2d6 haikuulizi kama yeye ni mtu mwema, inakuuliza leo ameamkaje. Ikija 4 wamenyoosha mishale na wanataka mizigo yote chini. Ikija 7 wanataka ushuru wa njia, na wanabishanika, hapo mwenye haiba nzuri kwenye kundi anapata kazi, sheria za 1981 zenyewe ziliruhusu haiba ya msemaji iongeze au ipunguze ile namba. Ikija 10 wana njaa na wamechoka, wana mwenzao ana homa ya siku tatu na wanaulizia kama mna mganga. Ikija 12, hao walikuwa wapagazi wa msafara walioachwa bila malipo, wanataka kazi. Wote ni wanyang'anyi wale wale wa jedwali.

Na pambano likianza usisahau moyo. Kwenye Basic kila kiumbe ana alama yake ya moyo, unarusha 2d6 mwenzao wa kwanza anapoanguka, na tena nusu yao wakishaanguka, ukivuka ile alama wanakimbia au wanasalimu amri. Mapambano yanafupika sana, na ile saa ya Mtunzi_Pori inarudi. Unaweza kulichukua hilo ukalitia kwenye toleo la 5 kesho bila kugusa kitu kingine.

---

DaduMbili254

Hiyo ya kulala nitaijibu mimi ju imenisumbua sana kwa meza yangu. Kitabu cha 2014 kinakadiria kundi linaweza kubeba enkaunta 6 hadi 8 za wastani ama ngumu kati ya mapumziko marefu, yale ya kurudisha kila kitu. Njiani unawapa moja halafu wanalala kwa muda wa saa 8, lazima iwe rahisi. Mle mle kwa kitabu kuna sheria ya hiari ambapo pumziko fupi ni saa 8 na refu ni siku 7. Sisi tumeifanya hivi: ukilala porini hilo ni pumziko fupi, pumziko refu unalipata tu mahali pa usalama, kijiji, nyumba ya wageni, msikiti wa zamani wenye kuta, mahali penye mlango wa kufunga. Ghafla safari yote ya siku sita imekuwa ni kama siku moja ya handaki, na kila uchawi unaotumia siku ya pili utaukosa siku ya tano. Wachezaji wangu walinuna wiki mbili, saa hii hawataki turudi.

Halafu kuna mwendo, na hiki ni kitu ambacho tayari mko nacho kwa sheria na watu hawakitumii. Mwendo wa haraka ni maili 30 kwa siku, lakini uwezo wao wa kugundua vitu bila kutafuta unashuka 5. Wa kawaida ni maili 24. Wa polepole ni 18, na hapo wanaweza kwenda kwa kunyata. Safari yako ya siku sita kwa mwendo wa kawaida ni maili 144, kama kilomita 230. Polepole inakuwa siku 8. Haraka inaisha siku ya 5. Ukirusha d20 mara moja kwa siku na enkaunta ni 18 kwenda juu, hiyo ni asilimia 15 kila siku. Kwa siku 5 uwezekano wa kukutana na kitu angalau mara moja ni karibu asilimia 56, kwa siku 6 ni 62, kwa siku 8 ni 73. Kwa hivyo anayekwenda polepole atakutana na vitu zaidi, lakini atakuwa wa kwanza kuviona na anaweza kuvipita kimya. Anayekimbia atakutana na vichache na vyote vitakuwa tayari vimemwona. Weka hiyo mezani wazi kabisa uone watakavyobishana, hao wako wa kuhesabu viriba vya maji watafurahi.

---

Mtunzi_Pori

Hoja ya dada Bint_Mvita ya ramli ni nzito na jibu lake zuri sina kwa sasa, nitaifikiria.

Ila kuna kitu sitaki kipotee kwenye huu uzi. Jedwali likiwa limejaa wanyama na watu wasiojulikana, hata ukiliendesha na umbali na mapokeo na moyo, bado hadithi ya wachezaji inasimama mpaka kitu kipite. Kwa nini nusu ya mistari isiwe ni watu ambao kundi linawajua tayari? Fundi_Ramani umesema kuna wapinzani wanakimbilia magofu. Waweke kwenye jedwali. Si lazima wenyewe, moto wao wa kambi uliozimwa asubuhi, punda wao aliyevunjika mguu, mmoja wao aliyeachwa nyuma. Dadu iamue lini na wapi, lakini kinachotokea kiwe kinawahusu. Hapo mimi mwenyewe naweza kurudi kurusha.

---

Bint_Mvita

Hili la Mtunzi nalichukua na mimi.

---

Fundi_Ramani

Sawa, nimekaa nimeandika, huu hapa mto wangu mpya, 2d6, mniambie. 7 wavuvi wanakausha samaki, wanajua habari za mto wote na wanataka chumvi. 6 na 8 viboko, kwa ile namna ya mchana na usiku ya Bint_Mvita. 5 chui amepandisha swala juu ya mti. 9 kambi ya wapinzani, majivu bado ya moto, na kuna kitu wamekisahau. 10 mtumbwi umefungwa ukingoni, hakuna mtu. 4 mvua kubwa huko juu, mto unajaa, wavuke sasa hivi au wasubiri. 11 mmoja wa wapinzani, peke yake, mguu umevimba. 3 mamba kwenye kivuko. 12 wanyang'anyi wawili waliolitoroka genge la mbugani, na hao wanaanza na 2d6 ya mapokeo. 2 kitu kilichotoka magofuni, hicho siandiki hapa maana mmoja wa wachezaji wangu anasoma hili jukwaa.

Narusha mbele yao, mwendo wanachagua wenyewe kila asubuhi, na kulala porini ni pumziko fupi. La mbugani nalimalizia kesho.

---

Bint_Mvita

Zuri sana hili. Mawili tu. Mamba wa 3 mpe dalili kama ulivyowapa viboko, mburuzo wa tumbo kwenye matope, au wavuvi wakishatoka ile 7 wawaambie ni kivuko kipi hawavuki wao, ili atakayevuka pale awe ameamua kuvuka. Na chui mwenye swala mtini usimwandikie pambano, yeye ameshapata chakula na hana haja na mtu. Waache waamue kama wanaitaka ile nyama, hasa wakiwa siku ya nne na chakula kimepungua.

Mnacheza mezani tu au na Discord pia? Kama mnapokea msikilizaji Jumapili, mimi nipo.